Sheria Mpya ya Barabarani Imfikie na Mwenye Gari



Ni nadra kulipata kanisa kati ya Kitale na Bungoma ambalo halijampoteza muumini barabarani. Tumezika wanafunzi, tumezika akina mama waliokuwa wakirudi sokoni, tumezika vijana wa bodaboda waliokuwa tegemeo la wazee wao. Na kila mara mbele ya kaburi husemwa maneno yale yale: kwamba siku ya marehemu ilikuwa imefika, na kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Kweli, kazi ya Mungu haina makosa. Lakini tairi lililolika mpaka nyuzi zikaonekana si kazi ya Mungu. Breki zilizofungwa kwa waya si kazi ya Mungu. Gari la abiria 14 lililobeba watu 22, likapita mbele ya askari bila kuulizwa, si kazi ya Mungu. Hayo ni matendo ya watu, na watu hao wana majina, wana vyeo, na wana mifuko.

Kwa hesabu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA), watu 4,324 waliuawa katika barabara za Kenya mwaka 2023, na mwaka 2024 idadi hiyo ilipanda hadi 4,748. Igawanye hesabu ya 2024 kwa siku za mwaka, utapata karibu majeneza 13 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Kundi kubwa kuliko yote ni waenda kwa miguu, yaani watu wasiokuwa na gari wala pikipiki, watu ambao kosa lao ni kuvuka barabara ili wafike shuleni, kisimani au kanisani.

Mbele ya msiba wa namna hii haishangazi kwamba miswada na kanuni zimekuwa zikitungwa kwa wingi. Mwaka 2023 Seneta wa Kakamega, Boni Khalwale, aliwasilisha katika Seneti mswada wa kusimamia uchukuzi wa pikipiki. Mwaka 2025 Wizara ya Barabara na Uchukuzi ilichapisha rasimu nne za kanuni na kuwaita wananchi watoe maoni: moja kuhusu usafiri wa wanafunzi, ya pili kuhusu ukaguzi wa magari, ya tatu kuhusu ulevi wa madereva, na ya nne kuhusu magari ya kibiashara. Hatusimami kuyapinga mapendekezo hayo. Gari likaguliwe, mtoto apelekwe shule katika gari salama, na dereva wa umma asiguse pombe: nani mwenye akili timamu atakayekataa? Hoja yetu ni nyingine, nayo inahusu mapendekezo haya na yote yatakayofuata. Sheria zetu za barabarani hushika mikono miwili tu, mkono wa dereva na mkono wa makanga. Mkono unaopokea hesabu jioni, na mkono unaopokea noti kizuizini, hubaki huru. Sheria isipoifikia mikono hiyo miwili, haitamwokoa mtu; itaongeza tu bei ya hongo.

TUMEKWISHA KUPITA NJIA HII

Historia ya uchukuzi wetu ni historia ya amri na kusahau. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu matatu zichukue abiria bila leseni ya magari ya umma. Mwananchi alifurahi kwa kuwa alipata usafiri mahali ambapo mabasi hayakufika, lakini kwa miaka zaidi ya kumi hakuna aliyeulizwa hali ya gari lake. Mwaka 1984 Bunge lilipitisha sheria ya kuzitambua matatu na kuzidai leseni. Mwaka 1988 chama cha wenye matatu kilipigwa marufuku na serikali ya Rais Moi. Hivyo sekta nzima ikabaki bila chombo halali cha kujisemea wala cha kuwajibishwa, na nafasi hiyo ikachukuliwa na makundi ya vijana waliokusanya ushuru wa nguvu katika steji.

Kisha zikaja Kanuni za Michuki. Waziri John Michuki alizitangaza mwaka 2003, nazo zikaanza kutekelezwa tarehe 1 Februari 2004. Magari yalisimama, watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini, lakini taifa likavumilia kwa kuwa liliona faida. Mikanda ikafungwa, vidhibiti mwendo vikawekwa visipite kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ukachorwa, madereva na makanga wakavaa sare. Katika miezi ya mwanzo ajali zilipungua, na hata abiria mwenyewe alijifunza kukataa kusimama garini.

Tujiulize basi: katika kanuni zile, ni ipi iliyokufa mapema kuliko zote? Hazikuwa sare, sare zinaonekana hata leo. Haukuwa mstari wa manjano. Iliyokufa ni ile iliyomtaka mwenye gari amwajiri dereva wake kwa kudumu, kama mfanyakazi mwingine yeyote. Yaani kanuni zilizomgusa dereva ziliishi angalau kwa sura, na ile iliyomgusa tajiri ilizikwa kimya kimya, bila tanzia.

Mwaka 2012 ikapitishwa sheria iliyounda NTSA, na katika mwaka huo huo adhabu za Sheria ya Trafiki zikaongezwa. Kwa sheria hiyo, anayesababisha kifo kwa kuendesha gari kwa hatari anaweza kufungwa hadi miaka kumi. Adhabu kali, basi, tunazo. Zingekuwa zinatosha, tusingekuwa tukihesabu maelfu ya wafu miaka zaidi ya kumi baadaye.

HESABU YA JIONI

Ili tuelewe kwa nini dereva hukimbia, tuzitazame pesa. Asubuhi dereva hukabidhiwa gari na kuambiwa kiasi ambacho lazima kimfikie mwenye gari jioni. Kabla ya kufika hapo atalipa mafuta, atalipa steji, atawalipa wapiga debe, atamlipa makanga, na atawalipa wale wanaomsimamisha njiani. Kinachobaki baada ya yote hayo ndicho chakula cha watoto wake. Hana mshahara, hana mkataba wa maandishi, na akiugua hana siku ya mapumziko. Mtu wa namna hiyo, kila abiria wa ziada ni unga wa jioni, na kila dakika anayoiokoa kwa mwendo wa kasi ni safari nyingine.

Ndivyo pia ilivyo kwa gari dogo la Probox linalotoka sokoni vijijini kwetu likiwa limeshindilia watu tisa au kumi, mmoja wao akishiriki kiti na dereva mwenyewe. Tunamlaumu dereva, naye anawalaumu abiria kwa kukubali kubanwa, na abiria wanawalaumu makanga kwa ulafi. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Aliyepanga hesabu hiyo hayumo garini, na jina lake halitajwi mahakamani gari likianguka.

Wasomaji wetu wa makanisani wanaijua Torati. Katika kitabu cha Kutoka imo sheria juu ya ng'ombe mwenye desturi ya kupiga pembe: mwenye ng'ombe akiwa ameonywa, asimfunge, na ng'ombe akaua mtu, hatia haimwishii mnyama; humfikia mwenyewe. Na katika Kumbukumbu la Torati, anayejenga nyumba ameagizwa auzungushie ukingo ukuta wa dari lake, mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Watu wale wa kale hawakuwa na matatu wala malori, lakini walikwisha kufahamu jambo ambalo watunga sheria wetu hulikwepa: anayefaidika na chombo cha hatari ndiye wa kwanza kuulizwa kuhusu hatari yake.

Hata mataifa ya leo yamefika hapo kwa njia yao. Mwaka 1997 Bunge la Uswidi lilipitisha sera inayosema kwamba mzigo wa usalama hauwi wa dereva peke yake; wanaojenga barabara, wanaotengeneza magari na wanaosimamia uchukuzi hubeba sehemu yao. Nchi hiyo sasa ni miongoni mwa zile zenye vifo vichache zaidi barabarani duniani. Karibu nasi zaidi, nchini Rwanda, abiria wa pikipiki kuvaa helmeti limekuwa jambo la kawaida, kwa sababu sheria inatekelezwa kila siku, si wiki moja baada ya ajali kubwa.

KIZUIZINI

Alfajiri ya tarehe 10 Oktoba 2018, basi lililotoka Nairobi likielekea Kakamega lilianguka karibu na Fort Ternan, na zaidi ya watu 50 wakafa. Wengi wao walikuwa watu wa magharibi, ndugu zetu na majirani zetu. Wakuu wa trafiki walieleza baadaye kwamba basi hilo halikuwa na kibali cha kusafiri usiku. Tunauliza hadi leo: kutoka Nairobi hadi Fort Ternan, usiku kucha, lilipita mbele ya askari wangapi? Kama kibali hakikuwapo, ni nani aliyeliruhusu lipite? Dereva alikufa, hawezi kujibu. Waliokuwa kazini barabarani usiku ule walikuwa hai.

Hatuwatukani askari wote. Wapo waadilifu, na kazi yao ni ngumu, wamesimama juani na mvuani bila makazi ya heshima. Lakini kila mwananchi anayesafiri huiona noti ikikunjwa ndani ya leseni, na kila steji husema waziwazi kwamba baadhi ya magari hayasimamishwi kwa sababu mwenyewe ni afande. Mkono mtupu haulambwi, nao mkono uliolambwa hauandiki kosa. Ukipandisha faini kutoka shilingi elfu moja hadi elfu kumi, na ukaiacha njia ya kukusanya faini jinsi ilivyo, umempandishia askari mlaji-rushwa mshahara bila kumwuliza mlipa kodi.

Na liko funzo jingine. Kanuni za kipima pombe za mwaka 2011 zilifikishwa mahakamani, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikaona kwamba zilikwenda kinyume na sheria mama. Kanuni iliyotungwa kwa haraka, bila kupimwa vizuri, haimfungi mlevi. Humfungulia wakili wake mlango. Ndiyo sababu Katiba ya 2010 inadai wananchi washirikishwe, na Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 inadai kila kanuni ipelekwe mbele ya Bunge. Hayo si mapambo ya demokrasia. Sheria iliyosikiliza watu husimama, na iliyowakwepa huanguka, nayo huanguka juu ya maiti.

BARABARA NAYO IULIZWE

Wakati mwingine dereva hana kosa kubwa. Barabara yenyewe ni mtego. Sehemu ya Salgaa na Sachangwan, katika njia kuu inayotuunganisha na Nairobi, iliua watu kwa miaka mingi. Vizuizi vya polisi vilikuwapo, mabango yalikuwapo, maombi yalifanywa kando ya barabara. Usiku wa kuamkia mkesha wa mwaka mpya, Desemba 2017, watu 36 wakafa hapo karibu, Migaa, katika mgongano mmoja. Ndipo serikali ikajenga ukuta wa kutenganisha magari yanayopanda na yanayoshuka, na mauaji ya uso kwa uso yakapungua mahali pale. Saruji ilifanya kilichoshindwa na hotuba.

Huku kwetu barabara mbili kubwa hukutana Webuye: inayotoka Kakamega kwenda Kitale na Lodwar, na inayotoka Eldoret kwenda Bungoma na Malaba. Malori ya Uganda na ya Sudan Kusini hupita katikati ya masoko yetu. Msimu wa mavuno huongeza magari ya mahindi, na katika ukanda wa miwa trekta huvuta matrela usiku bila taa ya nyuma, au huyaacha yameharibika barabarani, alama yake ya onyo ikiwa ni matawi ya miti. Tarehe 30 Juni 2023 lori liliacha njia katika makutano ya Londiani, likawafyeka wachuuzi na abiria waliokuwa kando, na zaidi ya watu 50 wakapoteza maisha. Tukitazama meza za mahindi ya kuchoma na nyanya zilivyopangwa ukingoni mwa lami Webuye, Kamukuywa na Kiminini, nani atasema kwamba Londiani iko mbali? Kuwafukuza akina mama hao kwa rungu si usalama. Wajengewe soko lililo mbali na lami, kwa kuwa Katiba imeweka usafiri wa umma na barabara za kaunti katika majukumu ya kaunti zenyewe.

Juu ya bodaboda tuseme neno la haki. Biashara hii ilizaliwa mpakani, Busia, kwa baiskeli zilizovusha watu kati ya Kenya na Uganda, na leo imewalisha vijana ambao serikali haikuwapa kazi. Wanapaswa kufunzwa, kusajiliwa na kuvaa helmeti, na kuacha kubeba wanafunzi wanne juu ya kiti kimoja. Wanaochoma magari baada ya ajali ni wahalifu na washtakiwe. Lakini mafunzo yawe ya bei ambayo kijana wa Kwanza au Endebess anaweza kuilipa, na usajili usigeuzwe mradi wa kuuza jaketi na vibandiko. Tena kijana mwingi hana pikipiki yake. Hupewa na tajiri, naye humpelekea hesabu kila jioni, kama ilivyo kwa matatu.

TUNADAI NINI

Kwa hiyo, kwa mapendekezo yoyote yaliyo mbele ya Bunge au Wizara, tunadai yafuatayo:

1. Gari bovu likiua au kujeruhi, mwenye gari ashtakiwe pamoja na dereva, na jina lake litajwe hadharani. Kampuni au sako isiwe pazia la kumficha.

2. Kanuni ya kumwajiri dereva na makanga kwa mkataba wa maandishi na mshahara ifufuliwe. Leseni ya gari isitolewe bila ushahidi wa mkataba huo.

3. Faini yoyote isipokelewe mkononi. Kila gari linalosimamishwa liandikwe, pamoja na namba ya askari aliyelisimamisha. Gari lililovunja sheria likipatikana na ajali, kumbukumbu hizo zifunguliwe mahakamani.

4. Afisa wa polisi au wa NTSA asiruhusiwe kumiliki gari la abiria, kwa jina lake wala kwa jina la mkewe, mumewe au ndugu yake.

5. Kila mwaka orodha ya sehemu hatari itangazwe, pamoja na tarehe ya kuzirekebisha na ofisi inayohusika. Matrela ya miwa yawe na taa na viakisi mwanga, au yasitembee usiku.

6. Vikao vya maoni vifanyike Kwanza, Kiminini, Kimilili na Webuye, kwa lugha ambayo watu wanaielewa, wala si katika hoteli za mjini peke yake.

Wenye magari watasema kwamba haya yatapandisha nauli. Huenda ikapanda kidogo. Lakini nauli ya leo si rahisi kama inavyoonekana: sehemu yake hulipwa kizuizini, na sehemu nyingine hulipwa na mjane baadaye. Hongo ikiondoka njiani, fedha ya mshahara itapatikana.

KAZI ILIYO MIKONONI MWETU

Tusingoje Nairobi kwa kila jambo. Kanisa linapokodi gari la kwenda mazishini au kwenye mkutano wa injili, kamati iulize leseni ya abiria, cheti cha ukaguzi na bima, kama vile inavyouliza bei. Lori la mizigo lisibebe waombolezaji. Bima yake kwa kawaida haikuandikwa kwa ajili yao, na wakiumia hakuna wa kuwafidia.

Kila parokia iwe na mtu mmoja anayejua njia ya fidia. Familia nyingi hupoteza haki kwa kukaa kimya. Kesi ya madai ya kifo au majeraha ya ajali hufunguliwa ndani ya miaka 3, na kampuni ya bima lazima ipewe taarifa mapema, isipite siku 30 tangu kesi kufunguliwa. Nakala ya ripoti ya polisi itafutwe mara moja, kabla kumbukumbu hazijapotea. Kumsaidia mjane kuipata haki hiyo ni ibada sawa na kumpelekea unga.

Nao wanaharakati waliokesha wakiisoma miswada ya uchaguzi na ya katiba wazisome na hizi. Uhuru wa kupiga kura haumfai kitu mpiga kura aliyekufa njiani akienda kupiga kura. Ziandikwe barua, ziwe na sahihi na majina, zipelekwe kwa makatibu wa Bunge na Seneti na kwa wawakilishi wadi wetu. Mbunge akija kuhutubia mazishi ya aliyeuawa barabarani, asiondoke kabla ya kuulizwa swali moja mbele ya waombolezaji: je, utapiga kura ili mwenye gari naye awajibishwe? Ajibu ndiyo au la, na jibu lake liandikwe.